Jinsi ya Kujua Kama Diski za Breki za Baiskeli Yako Zimefikia Mwisho

Diski ya breki ya baiskeli huisha kimyakimya. Pedi, yaani vipande vinavyoibana diski ili baiskeli isimame, zikiisha hulia, chuma kikaparuza chuma, na hata mwendeshaji asiyejali atashuka kuangalia kuna nini. Lakini diski hupungua unene kidogo kidogo, sehemu ya mia ya milimita baada ya nyingine, huku ikiendelea kung'aa kana kwamba ilifungwa jana. Ndiyo sababu watu hukosea kwa pande zote mbili: wapo wanaotupa diski nzima kwa kuwa ina mikwaruzo au imebadilika rangi, na wapo wanaoendelea kushuka milima na diski iliyokwisha kwa kuwa inaonekana safi. Msimamo wangu katika mwongozo huu ni kwamba diski huhukumiwa kwanza kwa unene wake, na unene huo hauna budi kupimwa kwa kifaa kinachofaa, mahali panapofaa. Macho na vidole vina kazi yake pia, nami nitaieleza, ila haviwezi kuchukua nafasi ya kipimo.

Kikomo kimeandikwa kwenye diski yenyewe

Diski nyingi za baiskeli hutengenezwa kwa chuma kisichoshika kutu kwa urahisi, na zikiwa mpya huwa na unene wa karibu milimita 1.8 hadi 2.0. Kila mtengenezaji huweka kikomo chake, yaani unene ambao diski ikishuka chini yake haipaswi kutumika tena. Diski za kawaida za Shimano huanza na milimita 1.8 na kikomo chake ni 1.5. Diski za SRAM zenye unene wa 1.85 huishia 1.55. Magura, ambao diski zao huanza na milimita 2.0, hutaka zibadilishwe zinapofika 1.8. Itazame tofauti hiyo kwa makini: unene wa diski mpya kabisa kwa mtengenezaji mmoja ndio unene wa diski iliyokwisha kwa mwingine. Kwa hiyo ile namba ya 1.5 ambayo wengi wameikariri haihusu diski zote, na anayeitumia kwenye diski yoyote anayokutana nayo anaweza kumruhusu mtu aendeshe na diski iliyopaswa kuondolewa zamani.

Kabla ya kupima chochote, itafute namba hiyo kwenye diski. Huchorwa kwenye matawi ya diski, yaani vyuma vinavyounganisha duara la nje na kitovu, au karibu na kitovu chenyewe, mahali ambapo pedi hazifiki, mara nyingi kwa maandishi kama MIN.TH=1.5, ambayo maana yake ni unene wa chini kabisa unaoruhusiwa. Maandishi hayo ni membamba na hufunikwa na vumbi la pedi. Yafute kwa kitambaa chenye spiriti, kisha mulika tochi kutoka ubavuni badala ya kuielekeza moja kwa moja, na herufi zitajitokeza. Ikiwa yamefutika kabisa, tafuta jina la modeli ya diski na usome mwongozo wa mtengenezaji. Kukisia hapa hakufai.

Kikomo hicho hakikuwekwa ili diski mpya ziuzwe. Breki hufanya kazi kwa kugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo ni jingi kuliko watu wanavyodhani. Chukua mwendeshaji ambaye pamoja na baiskeli yake ana uzito wa kilo 90, anayeshuka mlima wenye kimo cha mita 500. Nishati anayopaswa kuiondoa mpaka afike chini ni karibu kilojuli 440, na lita moja ya maji ya nyuzi 20 huchemka kwa kilojuli 335 hivi. Upepo na matairi huchukua sehemu yake, lakini kwa mtu anayeshuka polepole huku amebana breki, sehemu kubwa ya joto hilo hupita kwenye diski mbili nyembamba ambazo kila moja ina uzito wa gramu mia moja na kidogo. Diski ikitoka milimita 1.8 hadi 1.5 imepoteza sehemu moja kati ya sita ya chuma kilichopaswa kulibeba joto hilo, kwa hiyo hupata moto haraka zaidi, hupinda kwa urahisi zaidi, na hulisukuma joto lililobaki kwenye pedi na kwenye mafuta ya breki.

Sababu nyingine imo ndani ya kalipa, yaani kile kifaa kinachozishika pedi na kuzibana kwenye diski. Katika breki za mafuta, pistoni husogea nje kadiri pedi na diski zinavyopungua, na safari yake ina mwisho. Pedi zilizobaki nyembamba zikikutana na diski iliyobaki nyembamba, pistoni hulazimika kusogea nje zaidi kuliko zilivyokusudiwa, na hapo ndipo mpira wa kuzuia mafuta unapoanza kuvuja au pistoni inapokwama. Watu hulaumu kalipa, wanainunua nyingine, kumbe diski ndiyo iliyoiponza.

Kupima: mahali na kifaa

Kifaa bora ni maikromita ndogo ya kawaida, ile inayopima kuanzia 0 hadi milimita 25 na kusoma sehemu ya mia ya milimita. Venia, kile kipimio chenye midomo miwili mirefu inayobana, nayo inafaa, lakini kwa masharti nitakayoyaeleza, kwa kuwa venia ndiyo iliyowadanganya watu wengi zaidi. Rula haifai hata kidogo: tofauti unayoitafuta kati ya diski mpya na iliyokwisha ni milimita 0.3, ambayo ni kama unene wa karatasi tatu za kuandikia.

Kama umetoka kuendesha, subiri diski ipoe, kwa sababu diski iliyotoka mteremkoni huunguza ngozi papo hapo. Kisha vua gurudumu. Kwa breki za mafuta, ingiza kati ya pedi kipande cha plastiki au kadi ngumu iliyokunjwa, ili mtu akiubana wenzo wa breki kwa bahati mbaya pistoni zisitoke nje na kugoma kurudi. Futa diski pande zote mbili kwa spiriti na kitambaa safi kisicho na mafuta, kwa sababu tabaka la vumbi la pedi lililogandamana huongeza unene ambao kwa kweli haupo. Futa pia midomo ya maikromita, uifunge bila kuipa nguvu, na uhakikishe kwamba inasoma sifuri. Tangu hapo usiuguse uso wa diski kwa vidole vitupu. Mafuta ya ngozi yakiingia kwenye pedi yatakupa breki zinazopiga kelele.

Sasa hebu tuitazame diski kwa karibu. Weka ukucha kwenye ukingo wa nje kabisa na uuvute polepole kuelekea katikati ya gurudumu. Kwenye diski mpya ukucha huteleza juu ya uso bapa mpaka ufike kwenye tundu la kwanza. Kwenye diski iliyotumika sana, ukucha huanza juu ya ukanda mwembamba wa chuma ambacho pedi hazikukigusa, kisha hushuka ghafla kwenye bonde ambalo pedi zimelichimba, hupita kwenye bonde hilo, na mwishoni hugonga tuta la pili pale njia ya pedi inapokutana na matawi. Tuta hilo la ndani ndilo linaloonekana wazi zaidi, na mara nyingi hata rangi yake ni tofauti, kijivu kilichofifia pembeni ya chuma kinachong'aa. Kina cha bonde hilo, upande wa kushoto ukijumlishwa na wa kulia, ndicho unene ambao diski imeupoteza.

Bonde hilo ndilo linaloipotosha venia. Midomo yake imenyooka na ni mirefu, kwa hiyo ukiibana kutoka ukingoni hukaa juu ya tuta na kupima unene wa zamani, huku bonde likibaki chini yake bila kuguswa. Ni sawa na kulaza rula juu ya kingo za sinia kisha kusema kwamba sinia halina kina. Mimi mwenyewe niliwahi kupima diski ya nyuma kwa njia hiyo, nikasoma milimita 1.70, nikaridhika na kufunga pedi mpya. Wenzo uliendelea kuzama karibu ufike kwenye usukani, nikatafuta hewa kwenye mafuta kwa muda mrefu bila kuiona, na nilipoazima maikromita nikasoma 1.46 kwenye diski ileile. Tangu siku hiyo sipimi diski yoyote kabla ya kupitisha ukucha kwanza, ili nijue tuta liko wapi na nilikwepe.

Maikromita hulikwepa tuta kwa urahisi kwa sababu ncha zake ni ndogo, na fremu yake iliyopinda hupita juu ya ukingo bila kuugusa. Ziweke ncha katikati ya bonde, juu ya chuma kizima na si juu ya tundu, kaza kwa kile kitasa kidogo cha mwisho kinacholia tik tik, kisha soma. Ikiwa una venia pekee, tafuta wosha mbili ndogo bapa, nyembamba kuliko upana wa njia ya pedi, na uzisugue kwenye msasa mpaka zisiwe na kingo zilizochomoza. Pima wosha hizo mbili zikiwa zimebanwa pamoja na uandike unene wake. Halafu ziweke moja kila upande wa diski, ndani ya bonde, bana zote pamoja na diski katikati, na utoe unene wa wosha kwenye kipimo utakachopata. Kama wosha mbili pamoja zina milimita 2.00 na kipimo cha jumla ni 3.58, diski yako ina 1.58. Rudia mara tatu, kwa maana wosha ikikaa mshazari hata kidogo huongeza namba.

Pima sehemu sita zilizotawanyika kuizunguka diski, kisha chukua namba iliyo ndogo kuliko zote. Diski haihukumiwi kwa wastani. Ikiwa sehemu tano zina 1.58 na moja ina 1.49, na kikomo ni 1.5, diski hiyo imekwisha. Tofauti baina ya sehemu na sehemu inaeleza jambo jingine pia: ndiyo inayosababisha wenzo upige mapigo chini ya kidole wakati wa kusimama, hata kama diski ukiitazama ikizunguka haionekani kupinda.

Kuisoma namba uliyoipata

Ikiwa namba imefika kwenye kikomo au imeshuka chini yake, hakuna la kujadili, diski inatoka. Mimi huongeza hapo tahadhari ndogo: kwa kuwa mkono na kifaa vinaweza kukosea kwa sehemu mbili au tatu za mia ya milimita, diski yenye kikomo cha 1.5 inayosoma 1.52 naihesabu kuwa imefika.

Ugumu uko kwenye namba zilizo juu kidogo ya hapo, na njia bora ya kuamua ni kujua diski yako hupungua kwa kasi gani. Hakuna idadi ya kilomita inayoweza kukueleza jambo hilo. Mwendeshaji mwepesi wa barabara tambarare na kavu anaweza kubadilisha pedi mara nyingi kabla diski haijafika kikomo, ilhali mtu anayepita kwenye matope yenye mchanga, anayebeba mizigo, anayeendesha baiskeli nzito ya umeme, au anayetumia pedi za metali badala ya zile laini za rezini, ataimaliza diski mapema zaidi. Kwa hiyo iache diski yako ijieleze yenyewe. Pima kila unapobadilisha pedi na uandike. Tuseme diski ilianza na 1.80, na baada ya kumaliza seti tatu za pedi inasoma 1.62. Kila seti imekula 0.06. Kikomo kikiwa 1.5, zimebaki 0.12, yaani seti mbili nyingine, na hiyo ya mwisho itaishia kikomoni penyewe.

Kutokana na hesabu hiyo nina kanuni moja ninayoishika bila kuilegeza: wakati wa kufunga pedi mpya, ikiwa unene uliobaki ni mdogo kuliko ule ambao seti moja ya pedi huula, badilisha diski wakati huohuo. Diski ya mfano wetu ikisoma 1.54, kitaalamu bado inaruhusiwa, lakini itafika kikomo katikati ya maisha ya pedi hizo mpya, ukiwa njiani na bila maikromita mkononi. Tena pedi zilizokwisha kujichonga kufuata bonde la diski ya zamani hazikai vizuri kwenye uso bapa wa diski mpya. Hugusa sehemu tu, na nguvu ya breki hupungua mpaka zilingane upya. Utakuwa umepoteza pedi kwa kujaribu kuokoa diski.

Diski ya mbele na ya nyuma zipime kila moja kivyake. Ya mbele hufanya kazi kubwa zaidi mtu anaposimama kwa nguvu, kwa kuwa uzito huhamia mbele, lakini ya nyuma hupokea tope linalorushwa na gurudumu la mbele, na wapo wanaoibana mteremko mzima. Nimeshaona diski ya nyuma ikiisha kabla ya ile ya mbele. Si lazima kuzibadilisha pamoja.

Diski inayotoka hata kama ina unene wa kutosha

Ufa ni sababu ya kwanza na haina msamaha. Angalia pale kila tawi linapoungana na duara la nje, chuma chembamba kilicho kati ya tundu na tundu, na sehemu zinazozunguka bolti. Zungusha gurudumu taratibu mbele ya mwanga mkali ukiitazama diski kwa mshazari. Ufa huonekana kama unywele mweusi usiofutika kwa kitambaa. Mkwaruzo hufuata duara la diski, kwa sababu pedi ndizo zilizouchora, lakini ufa mara nyingi huanzia kwenye tundu au kwenye kona na kukata njia yake wenyewe. Ukiwa na shaka, usiiendeshe tena baiskeli hiyo mpaka diski itolewe, kwa kuwa diski inayokatika gurudumu likizunguka inaweza kuingia kwenye spoku au kwenye kalipa na kulifunga gurudumu ghafla.

Zipo diski zilizotengenezwa kwa tabaka tatu, chuma nje na alumini katikati, ili zipoze joto haraka. Hizi zichunguze kwenye ukingo wa nje, ambapo tabaka huonekana kama mkate uliopakwa siagi katikati. Alumini huyeyuka karibu nyuzi 660 za Selsiasi, na kabla ya kufika hapo hulainika. Ukiona ukingo umevimba, tabaka zimeachana, au kuna vitone vidogo vya metali nyeupe vilivyochuruzika na kuganda pembeni, ujue diski hiyo ilipata joto lililopita uwezo wake. Itoe, hata kama maikromita inasema ni mpya. Na chuma cha nje kikilika mpaka alumini ikaanza kuonekana kwenye njia ya pedi, basi umechelewa sana.

Rangi ni jambo linalowatisha watu kupita inavyostahili. Diski iliyogeuka rangi ya majani makavu au hudhurungi kidogo imepata joto tu, na hali hiyo ni ya kawaida kwa mtu anayeshuka milima. Buluu au zambarau iliyokolea ni ushahidi wa joto kali zaidi, na inapaswa kukufanya utafute nyufa, upime kama imepinda, na ujiulize kama pistoni imekwama na pedi inasugua muda wote. Lakini rangi peke yake haitoshi kuitupa diski yenye unene mzuri na iliyonyooka.

Kupinda nako si hukumu ya mwisho. Kwanza tofautisha diski iliyopinda na ile iliyopata moto: sauti ya kugusagusa inayoanza baada ya mteremko mrefu na kupotea diski ikipoa haikuhitaji ufanye lolote. Ile inayobaki hata baiskeli ikiwa baridi inaweza kunyooshwa. Zungusha gurudumu, tazama nafasi kati ya diski na pedi ukiwa umeweka karatasi nyeupe nyuma yake, tia alama pale inapogusa, kisha inyooshe kidogo kidogo kwa kifaa cha kunyooshea diski au kwa spana malaya safi isiyo na mafuta. Diski iliyopigwa na jiwe ikajikunja, au ile ambayo kila ukiinyoosha hurudi kupinda baada ya safari chache, iache. Chuma chake kimechoka, na kuendelea kukikunja huku na huko ni kukikaribisha ufa.

Mifuo, yaani ile mistari ya duara inayochorwa na mchanga, huamuliwa kwa ukucha uleule. Mistari ambayo ukucha huteleza juu yake haina madhara, na karibu kila diski iliyotumika inayo. Mfuo unaoukamata ukucha na kuusimamisha ni wa kina, na hapo kumbuka kwamba maikromita imekaa juu ya migongo ya mistari na haikufika chini yake. Chuma kilichobaki kwenye mfuo ni kidogo kuliko namba uliyoisoma. Diski ya namna hiyo ikiwa karibu na kikomo, ihesabu kuwa imekwisha. Usijaribu kuisugua kwa msasa mpaka mifuo ipotee, maana utakuwa unaumaliza kwa mkono unene uleule unaotaka kuuokoa.

Kwa diski zenye kitovu cha alumini kilichounganishwa na duara la chuma kwa ribiti, shika duara hilo na ulitikise. Mchezo mdogo sana unaweza kuwa sehemu ya muundo wake, lakini ribiti moja ikilegea kuliko wenzake, au ikizungukwa na unga mweusi wa metali, diski nzima inatoka.

Kutu jepesi linaloonekana asubuhi baada ya mvua hufutika kwa kubana breki mara chache. Mashimo ya kutu yaliyochimba njia ya pedi ni jambo jingine. Hayo hula pedi kama tupa.

Makosa ambayo si ya diski

Kabla ya kununua chochote, hakikisha unaituhumu sehemu inayostahili. Kelele kali pamoja na nguvu hafifu ya breki mara nyingi hutokana na mafuta yaliyoingia kwenye pedi. Diski husafishwa kwa spiriti na kuendelea kutumika, pedi zilizonywa mafuta ndizo zinazobadilishwa. Wenzo unaobonyea kama sifongo huashiria hewa ndani ya mafuta ya breki. Mlio wa kugonga unaosikika mara moja kila unapobana breki na kusukuma baiskeli mbele na nyuma huweza kuwa ni diski iliyolegea kwenye kitovu cha gurudumu, na dawa yake ni kukaza: diski za bolti sita za Shimano huhitaji nguvu ya kukaza ya niutonimita 2 hadi 4, za SRAM 6.2, na zile zinazofungwa kwa pete moja katikati huhitaji 40. Na kwenye breki za waya, wenzo unaozidi kuingia ndani huenda unahitaji tu pedi zisogezwe kwa skrubu ya kurekebishia, kwa kuwa breki hizo hazijirekebishi zenyewe.

Ukishaamua kubadilisha

Nunua diski yenye kipenyo kilekile, aina ileile ya kufungia, na unene ambao kalipa yako iliundiwa. Diski nene ya milimita 2.3 haitapita vizuri kwenye kalipa iliyokusudiwa 1.8. Soma pia kama diski imeandikwa kuwa ni ya pedi za rezini pekee, kwa sababu diski hizo ni laini na pedi za metali huzimaliza upesi sana. Kutaka diski kubwa kuliko ya awali ni uamuzi mwingine kabisa, unaohitaji kipande cha kuinua kalipa na uhakika kwamba fremu au foku inaruhusu ukubwa huo.

Futa diski mpya kwa spiriti kabla ya kuifunga, kwa kuwa hupakwa mafuta ya kuihifadhi. Mshale uliochorwa juu yake uelekee upande ambao gurudumu huzunguka likienda mbele. Bolti sita zikaze kwa kurukia upande wa pili kila mara, wala si kwa kufuatana kwa mzunguko, kwa bisibisi ya kichwa cha nyota T25, na umalizie kwa spana inayopima nguvu ya kukaza. Rudisha pistoni ndani taratibu kabla ya kuweka pedi mpya, maana zilikuwa zimezoea diski nyembamba na nafasi sasa ni finyu.

Kisha zizoeshe pedi na diski. Mahali pasipo na magari, fikisha mwendo wa wastani, bana breki moja sawasawa mpaka ukaribie mwendo wa kutembea, achilia kabla ya kusimama kabisa, na urudie kama mara 20. Baada ya hapo fanya mara 10 nyingine kwa mwendo wa kasi zaidi. Usiache gurudumu lijifunge hata mara moja katika zoezi hili, kwa sababu pedi ikisimama mahali pamoja ikiwa na moto huacha doa la tabaka lake kwenye diski, na doa hilo utalisikia kwenye wenzo kwa muda mrefu.

Jambo moja lifanye kabla hata gurudumu halijarudi kwenye baiskeli: pima unene wa diski hiyo mpya katika sehemu sita, uandike pamoja na tarehe na kikomo kilichochorwa juu yake, na uitunze karatasi hiyo pamoja na vifaa vyako. Namba iliyoandikwa kwenye pakiti ni ya diski zote za modeli hiyo. Unayoihitaji utakapofungua breki tena ni ya diski hii.